Taa za Gari Lako, Baba

Baba,

Shikamoo. Nimekuja kukaa hapa kwenye migomba, karibu na kaburi lako, na nina hasira. Nakuambia mapema usije ukadhani nimekuja kulia tu.

Nyumbani mambo yamebadilika. Wanunuzi binafsi wa kahawa siku hizi wanapanda hadi huku Kirua na mizani yao wenyewe, wanacheka na Mama kama wakwe. Siwaamini, siiamini mizani yao, na nimeanza kumshuku hata Mama kwa jinsi anavyowakaribisha chai. Unanijua. Mtu anayeuza mitumba Kiboriloni haamini shati mpaka aligeuze ndani nje, na akishaligeuza bado analinusa.

Basi akaja mtu wa mjini kutaka kununua gari lako, lile fupi la Kijerumani la milango miwili, lenye taa zilizojificha puani. Alilizunguka, akalipenda, akasema tuwashe taa. Nikaushika ule mkono wa chuma ulio kando ya gia. Zamani ulikuwa ukiusukuma, taa zote mbili zinabiringika kwa pamoja na kutazama mbele, nasi watoto tunapiga makofi. Safari hii, wapi! Mkono haukusogea hata kidogo. Yule mtu akaaga, akasema turekebishe kwanza.

Wote nyumbani walitaja jina moja: Elinami. Ndivyo ulivyotuambia mwenyewe, kwamba rafiki yako Fundi Elinami alikuibia kipuri na kukuharibia taa alipolifanyia gari sevisi, kabla ya Pasaka. Ulisema kibarazani kwetu, ukasema na nje ya kanisa baada ya ibada. Wateja wakamkimbia. Akafunga gereji, akahamia Kahe kutengeneza mashine za kusukuma maji mashambani. Siku ya mazishi yako alikuja, akasimama barabarani, hakuingia. Nikasema moyoni, mwenye hatia hujijua.

Lakini nilimshuku na Baba Mdogo Ndesario. Mdogo wako analitaka hilo gari, nani asiyejua? Nikahisi kachomeka kitu ili mnunuzi akimbie, yeye alichukue kwa bei ya chuma chakavu. Sikuita fundi, maana fundi naye angeweza kuwa mtu wake. Nikafungua boneti mwenyewe.

Nilianza na waya unaotoka kwenye ule mkono, nikaufuata hadi mbele. Haukuwa umekatika. Nilitarajia kutu, nikakuta grisi, tena laini. Nikauchomoa waya kule mwisho, nikarudi ndani kusukuma mkono. Ukaenda bila shida! Kumbe kilichogoma ni taa zenyewe. Nikaingiza vidole nyuma ya taa ya kushoto, kwenye chuma kinachoziunganisha taa zote mbili, nikashika kitambaa. Kitambaa kimekifunga kile chuma kwenye bodi, kimekazwa kweli kweli.

Nikakikata kwa kisu, nikakigeuza. Drafti za kijani. Baba, hilo ni shati nililokuletea Krismasi iliyotangulia Pasaka hiyo, ukalivaa mara moja, ukasema limeibiwa kwenye kamba. Mimi nikamshuku jirani, mpaka leo salamu zetu ni za shingo upande. Na fundo lilikuwa lako, lile la kufungia ndama, ambalo pale nyumbani hakuna mwingine anayeliweza.

Nilikaa chini. Nikakumbuka ulivyokuwa ukiniambia jioni, "Manka, tangulia, napenda kukusikia unavyoongea," nami nikitangulia na domo langu, wewe nyuma ukifuata sauti. Nikakumbuka kitabu cha nyimbo ulichokishika kanisani bila kufungua ukurasa. Hukuwa unaona, Baba. Jua likizama hukuwa unaona kabisa. Na badala ya kutuambia, ukazifunga taa ili gari lisiweze kutoka usiku na mtu asikuulize kwa nini huendeshi, kisha ukatafuta wa kumsingizia. Jamani, Baba! Rafiki yako!

Nikamwendea Baba Mdogo, huyo huyo niliyemshuku, nikamwomba akate jani la isale. Hakuuliza mara mbili. Alilishika mkononi toka huku hadi Kahe, na pombe ya mbege tukabeba. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mtu akiletewa isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Elinami alilipokea kwa mikono miwili iliyojaa mafuta. Akasema alisamehe zamani, ila siku ya mazishi aliogopa watu wangemfukuza mbele ya jeneza lako.

Alijua. Alikuona siku ya sevisi ukipapasa spana iliyokuwa mbele yako, mchana kweupe. Akaniomba nisimwambie mtu. "Mzee alikuwa dereva," akasema, "muache abaki dereva." Hata hapo nilimtazama machoni nikitafuta hila, maana tabia haina dawa. Sikuiona. Nikalia mbele ya mashine yake ya maji, mtu mzima mimi.

Lakini sitamtii. Mwanawe amefungua gereji ndogo Himo, na watu wanaipita wakisema huyo ni mtoto wa yule mwizi wa vipuri. Hilo jina ulimpa wewe.

Jumapili baada ya ibada, pale pale ulipomsingizia, nitasimama niseme taa hazikuwahi kuharibika. Nitasema na kwa nini ulizifunga. Wengine watacheka. Mama atanuna. Nakupenda, Baba, na kukuficha ningeweza. Ila heshima uliyoichukua kwa Elinami nimejiahidi itarudi kwake, na sina pengine pa kuitoa ila kwenye yako.

Pumzika. Jumatatu nitakuja hapa tena, unikasirikie.

Mwanao,
Manka