Panya Wamekufa Tena

Jumanne

Panya wote wamekufa. Dawa yangu inaua malaria vizuri kabisa, halafu inammaliza na mgonjwa. Wafadhili wamefunga mradi kwa simu fupi, na mkuu wa maabara akanisifu kwa uvumilivu. Ujana wangu wote umeishia kwenye hiyo dawa.

Jioni nilifika nyumbani Boito, nikamkuta Mama akirudi na majani chai yaliyokataliwa kwenye kituo cha kuuzia chai.

"Karani wa mizani anasema ni magumu. Na wewe, dawa yako?"

"Imekataliwa pia, Mama."

"Si uichanganye na nzuri, umpelekee karani mwingine kesho? Mimi hufanya hivyo."

Nilicheka mpaka akanishangaa. Sikumwambia kwamba sisi wa maabara karani wetu ni mmoja tu, na leo amefunga mizani.