Babu, Mpimaji Hakusema Vile

Babu yangu, shikamoo.

Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Siku ile ulipopimwa masikio Korogwe, mpimaji hakusema kwamba ni uzee. Hakusema kwamba hakuna cha kufanya. Maneno yale niliyatunga mimi. Yeye alisema nini, sikusikia.

Unakumbuka tulivyokaa. Wewe ulikuwa kwenye stuli fupi mbele ya meza yake, na mimi nilisimama nyuma yako, kwa sababu asubuhi mama alikuwa ameniagiza, "Wewe ndiye masikio ya babu yako. Kila atakachosema daktari, umwambie." Yule mpimaji aliinama akiandika kadi huku akizungumza. Mimi niliona utosi wake tu. Nilisikia mvumo, kama redio ya jirani nyuma ya ukuta. Kisha akainua kichwa, akatabasamu, akanipa kadi. Nikatabasamu pia. Nikasema, "Sawa, asante."

Tulipofika nje kwenye benchi ukaniuliza, "Haya, bibi mdogo. Kasemaje?"

Nikaweka mdomo kwenye sikio lako la kushoto. "Amesema ni uzee, babu. Hakuna cha kufanya."

Ulinitazama usoni. Halafu ukasema kwa ile sauti yako kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe, "Basi twende tukale wali. Uzee nao una njaa!" Benchi zima likacheka. Na mimi nikacheka.

Kadi niliisoma kesho yake, nimejificha nyuma ya banda la kuku. Ilikuwa imeandikwa Kiswahili cha kawaida tu: urudi baada ya wiki mbili, uchukuliwe umbo la sikio la kushoto, utengenezewe kifaa cha kusikia. Niliikunja mara nne, nikaiweka ndani ya daftari la Sayansi. Wiki mbili zikapita, babu. Nilizihesabu.

Ningeweza kumwambia mama kwamba nimekosea. Lakini angeniuliza, "Kwani hukumsikia?" na swali hilo ndilo nililoliogopa. Matokeo ya darasa la saba yalikuwa yametoka, nimechaguliwa kwenda sekondari. Wiki hiyohiyo nilimwona mama mmoja jirani akimzungumzia mtoto wa mtaa wa pili, na midomo yake niliisoma vizuri: "Kiziwi akafanye nini sekondari? Amtazame mwalimu?" Nikaamua kwamba hakuna atakayejua. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilidhani nakopa muda kidogo tu.

Wewe ndiye uliyenifundisha kusikiliza kwa macho, bila kujua kwamba unanifundisha. Au ndivyo nilivyodhani. Uliniambia jinsi mlivyofanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge, ambayo ilikuwa inapiga kelele hata mtu akikupigia ukelele sikioni humsikii. Mlizungumza kwa mikono. Ngumi juu, zima mashine. Vidole viwili kooni, lete maji. Kiganja kikipangusa paji la uso, msimamizi anakuja, acheni utani. Nyumbani kwetu Hale tulizitumia zote. Mama akianza kugomba, wewe unapangusa paji la uso, na mimi nashindwa kujizuia.

"Mnacheka nini nyie wawili?"

"Tunalisha korona," unamjibu.

Mwaka uliofuata ndio uliokuwa wa mwisho wako. Watu walikuwa wamechoka kupaza sauti. Walikupungia mkono wakapita. Wageni wakicheka sebuleni, wewe ulicheka baada yao, wakati wao wameshanyamaza. Siku moja tulikuwa barazani ukaniuliza, "Ile mashine ya kusaga ya jirani wameihamisha?" Babu, mashine ilikuwa inasaga. Unga ulikuwa unatoka dirishani, mimi niliuona. Nikainua ngumi juu. Imezimwa. Ukaitikia kwa kichwa, ukaendelea kutazama barabara.

Hiyo ngumi ndiyo ninayoiota.

Mimi waligundua kwamba sisikii vizuri nikiwa kidato cha tatu. Mama alikuwa anashona, akaniita kwa nyuma mara nne, sufuria ya maharage inaungua. Alikuja akanishika kidevu, akaniuliza jambo taratibu, halafu akageuka akaniuliza jingine akiwa amenipa mgongo. La pili sikulijibu. Akalia palepale, na utepe wa kupimia ukiwa shingoni. Mwezi huo nikapelekwa hospitali Korogwe, chumba kilekile, lakini mpimaji alikuwa mwingine. Alikuwa dada mmoja mchangamfu anayeitwa Zawadi, na mashine za kusikia zilikuwa kwenye masikio yake yeye mwenyewe, zote mbili, za rangi ya bluu. Sikujua kama inawezekana.

Sasa nimemaliza kidato cha nne, babu. Fizikia nimefaulu. Siku mwalimu alipofundisha mawimbi ya sauti, aligonga kile chuma chenye matawi mawili kama uma, akaniruhusu nikiweke kwenye mfupa nyuma ya sikio. Sauti iliingia yote, safi, haikupitia popote palipoharibika. Darasa zima lilidhani nimeumia, maana nilifunika uso.

Tangu Desemba naenda kwa Dada Zawadi siku tatu kwa wiki, kujifunza. Nasafisha vile vifuniko vya plastiki vinavyoingia sikioni, naandika majina, nawashikia watoto mwanasesere ili wasigeuze kichwa wakati wa kipimo. Ameniambia ukweli kuhusu chuo: nikae mbele, nimwombe mwalimu asizungumze huku akiandika ubaoni, nisione haya kuomba daftari la mwenzangu. Kuna kazi anazifanya tofauti na wengine. Mashine za wagonjwa hazipimi kwa kuzisikiliza, anaziweka kwenye kisanduku kidogo na kutazama mstari kwenye skrini. Mgonjwa anapotakiwa kurudia maneno, meza, kuku, ndizi, yeye haondoi macho kwenye mdomo wake.

Na asipolipata neno, anasema, "Sijasikia. Rudia."

Anasema hivyo hata mara ishirini kwa siku. Juzi mzee mmoja akamtania, "Mpimaji kiziwi, mpimwaji kiziwi! Leo tutaandikiana barua?"

"Tutatazamana, mzee wangu. Nami ni mzuri, hutachoka."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilikuwa kona ile, nimeshika kalamu, na machozi yananitoka. Maneno mawili tu, babu. Kama ningeyasema siku ile mbele ya meza ileile, ungeisikia mashine ya kusaga ya jirani.

Lakini si hilo lililonifanya nikuandikie. Mzee yule alipotoka, Dada Zawadi aliniuliza ilikuwaje sikumpazia sauti nilipomwelekeza mlangoni, na bado akafika vizuri. Nikamwambia nilitumia ishara za korona, maana mzee alisema aliwahi kufanya kazi huko, kama babu yangu.

"Wazee wa korona?" akasema. "Hao ukifungua mdomo tu wameshajua. Wanasoma midomo kuliko mimi niliyesomea."

Tangu hapo silali vizuri. Kwa sababu mimi ndiye niliyeona utosi. Wewe ulikuwa kwenye stuli fupi, chini yake, usawa wa kidevu chake. Ulikuwa unautazama mdomo wake.

Kwa hiyo nimeanza kukumbuka mambo upya. Kwamba kabla ya siku ile ulikuwa unaniita tu, na baada ya siku ile ukawa unanigusa bega kwanza, ndipo unaongea. Kwamba tukitembea ulitaka siku zote niwe kushoto kwako. Nilidhani ni kwa ajili ya sikio lako zima kidogo. Sasa najua kwamba nikiwa kushoto kwako, wewe unakuwa upande wangu wa kulia, na sikio langu zima kidogo ni la kulia. Chati yangu inasema hivyo, nimeibandika ukutani.

Uliona alichosema? Na kama uliona, kwa nini uliniuliza kasemaje? Ulitaka niseme mwenyewe? Na niliposhindwa, uliamua kuikosa mashine yako ya kusikia ili mimi niende sekondari na siri yangu? Sijui. Inawezekana hukuona kitu na mimi najitafutia nafuu. Hata kama uliona, uongo ulikuwa wangu, na mwaka mzima wa ukimya ulikuwa wako. Nisamehe, babu. Kadi ninayo bado. Imepasuka kwenye mikunjo.

Barua ya chuo imefika. Mama amewaambia wateja wake wote wa cherehani. Jana alikuwa anampima mteja, nikamwona anasema, "Huyu toka mdogo alikuwa masikio ya babu yake. Daktari alishamkatia tamaa marehemu, lakini huyu hakumwacha." Anajivunia sana. Ananishauri hata nikajitambulishe hivyo chuoni. Nikainama kuokota pini ambazo hazikuwa zimeanguka.

Siwezi kwenda kujifunza kuwaambia watu habari za masikio yao nikiwa na hiyo yako mfukoni. Ijumaa tunakuja Kwaluguru, mama na mimi, kupalilia kaburi lako kabla sijaondoka. Tukimaliza kusoma dua nitamgusa bega mama, nimsubiri anitazame, kisha nitamsomea barua hii kwa sauti, yote, na kadi nitampa mkononi. Atalia. Labda atanikasirikia kwa muda mrefu. Akiniuliza kitu nisichokisikia, nitamwambia arudie.

Zimebaki siku tatu, na nataka mama ayasikie haya kwangu kwanza. Kwa hiyo nakuomba kitu ambacho labda umekuwa ukinifanyia miaka yote hii: mpaka Ijumaa, usimwambie mtu.

Mjukuu wako wa upande wa kushoto,
Bibi mdogo