Maji Katika Mafuta ya Trekta

Kaka yangu Mbarak,

Bwana mwenye bustani ameifunga nyumba yake ya Nyali akarudi kwao. Uhuru umeingia, trekta yetu ndogo imeuzwa, nami nimebaki bila kazi. Nakuandikia wewe uliye kaburini kwa sababu nimelemewa.

Unakumbuka ilipoletwa? Trekta ya kukatia majani, isiyo na gia. Pampu inasukuma mafuta, mafuta yanazungusha magurudumu. Watu wa Kisauni walikucheka, wakasema umepewa cherehani. Wewe uliipenda hadi nikaona wivu. Kila asubuhi ulitoa majani yaliyokwama kwenye feni, ukafuta kifuniko kabla ya kukifungua, ndipo ukapima mafuta. Kopo lako la kupimia ulilisugua likang'aa kuliko vyombo vya mama. "Uchafu kidogo tu, Saidi, na hii ni maiti," ulizoea kuniambia.

Usafi ule ndio ulioniponza. Ijumaa ile ulikwenda Likoni kwenye hitima ya shangazi, ukaniachia kazi. Nilikuwa nimechelewa msikitini, sikuona chombo cha kutilia udhu, nikachukua kopo lako kwa kuwa ndilo safi. Niliporudi nikatia mafuta humo humo, wala sikutazama maji yaliyobaki chini, nikayamimina kwenye trekta.

Ulipoiwasha kesho yake mafuta yaligeuka meupe kama tui. Pampu ikalia, trekta ikashindwa kupanda mwinuko wa bustani. Bwana akauliza nani aliyetia mafuta. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwako, harusi yangu imebaki wiki mbili, na ulimi haukunyanyuka.

"Ni mimi," ulimjibu.

Alikufukuza palepale, bila hata barua ya kuombea kazi kwingine. Mahali pako akanipa mimi. Nikamwaga mafuta yote, nikatia mapya, nikamwaga tena, nikatia mengine. Siku ya tatu trekta ikapona.

Wewe ulikwenda kubeba magunia Changamwe, na hukushika tena mashine hadi kifua kilipokumaliza. Kila nilipokuja kukutazama nilileta machungwa na porojo. Nilikuwa mwoga, kaka, sina jina jingine la kujipa. Hata matangani, jirani aliposema wewe ndiye uliyeharibu trekta ya mzungu, niliinamia sinia nikaendelea kula.

Leo asubuhi nimemwambia mama. Alikuwa akichagua mchele, na mikono yake haikusimama.

"Alinambia siku iyo iyo," alisema. "Akanikataza nisikuulize. Alisema utakwenda umwambie mwenyewe." Akapepeta kidogo. "Kila ukija na machungwa yako, ukisha kuondoka, hunambia: labda kesho."

Mungu akupanulie kaburi lako, kaka. Nimekuja nimechelewa.

Ni mimi, mdogo wako uliyemngoja,
Saidi