Kichaka Amenyoa

Jumamosi, 4 Mei

Kichaka amenyoa! Upara mtupu, unang'aa. Kaja karakana ya mjomba nikiwa napiga msasa mlango wa mteja, nikamwambia mwenyewe hayupo, bosi, rudi baadaye. Sikumtambua! Kacheka mpaka kakaa chini. Kapata kazi ya bohari, mji mwingine, na huko hawataki nywele. Anaondoka Jumatatu ya tarehe 13.

Nikampongeza. Halafu nikakumbuka filamu yetu — marafiki watatu, sisi wenyewe, tunairekodi kwa simu yangu tangu tumalize shule. Imebaki sehemu ya mwisho tu. Na kote huko nyuma Kichaka ana msitu kichwani. Tumekwisha.

Jumanne, 7 Mei

Kikao cha dharura kwa Profesa. (Alirudia darasa mpaka walimu wakamzoea, ndiyo maana Profesa.) Tumemkuta anafua nepi, mtoto kalala begani. Kashauri tuseme jamaa aliingiwa na chawa. Kichaka kagoma kabisa — mama yake ataiona hiyo filamu! Basi, avae wigi la dada yangu.

Alhamisi, 9 Mei

Dada kakubali. Likirudi na vumbi mtanitambua, kasema. Kichaka kulivaa — shangazi yake mtupu! Profesa kacheka, mtoto kaamka, mkewe katutimua wote. Siku nyingi sijacheka hivyo.

Mwisho nimeshauandika. Kichaka anachana tiketi, anasema, "Siendi popote." Najua, najua. Lakini filamu ni yangu.

Jumapili, 12 Mei

Juu ya paa la jengo la akina Profesa, kwenye kamba za nguo. Jua zuri. Wigi limekaa sawa. Profesa kakumbuka maneno yake yote — muujiza! Ikafika zamu ya Kichaka. Nikadhani kasahau, nikamnong'oneza maneno. Kavua wigi, kalikunja taratibu (anamwogopa dada), kampa Profesa. Kisha kanitazama mimi, si simu. Hawezi kuyasema hayo, kasema, hata kwa kuigiza. Anataka kwenda. Anaogopa, lakini anataka sana. Nisimkasirikie.

Nikasema ngoja nikachaji simu.

Simu ina chaji tele. Nimekaa kwenye ngazi na daftari langu, nalia kama mjinga. Sijamkasirikia. Naona wivu! Profesa ana mtoto, Kichaka ana safari, mimi kesho narudi kwenye ule ule mlango wa mteja. Na nani atanichekesha?

Profesa anaita toka juu: dairekta, jua linatukimbia, mtoto naye kaanza kulia! Kichaka anauliza aseme nini sasa.

"Siendi popote" nimeshaifuta. Sasa aseme — aseme nini? Wanashuka, nasikia viatu vyao —