Deki ya Kumtazama Asliddin

Chorbogh, karibu na Kulob
14 Oktoba 2007

Mwanangu Nazrullo,

Barua hii ikukute umevaa nguo nzito na tumbo lina kitu. Huku tunapumua. Mguu wangu wa kushoto bado unavimba kila jioni, na shemeji yako Mavluda anaukanda kwa mafuta ya kondoo bila kulalamika. Ng'ombe amekauka maziwa. Wewe je, kifua kimepona, au bado unakohoa vumbi la saruji?

Arobaini ya kaka yako Asliddin imepita. Watu walikuja, wakasoma, wakala, wakaondoka. Tangu hapo nyumba ina ukimya ambao sijui niufanye nini.

Nataka kukuomba kitu, usinicheke. Juzi Mavluda alifungua sanduku lake la uarusi akatoa diski ya harusi yao. Alinionyesha tu. Unakumbuka tulisema tutaitazama mkirudi wote wawili kutoka Urusi. Basi nataka deki, ile mashine ya kuchezea diski kwenye televisheni. Jirani yetu Bibi Oysha anayo, lakini siwezi kwenda kukaa kwake, mama mwenye msiba, nikatazama ngoma. Televisheni yetu nayo ina kitambaa tangu siku tuliyopata habari, na itabaki nacho mpaka mwaka wa msiba uishe. Kwa hiyo nitatazama humu ndani, mlango umefungwa, na sauti isitoke nje.

Kwa nini, unajua. Wewe hukuweza kuja naye, kwa hiyo hukuona. Walimleta ndani ya sanduku la bati lililochomewa pande zote, na wanaume wakasema lisifunguliwe. Wanawake wengine huaga uso wa mtoto wao. Mimi niliaga bati. Sasa nikifumba macho namwona akiwa mtoto wa miaka saba, yule mkubwa haji. Sauti yake ndiyo imepotea kabisa. Nataka nimwone uso na nimsikie akisema hata neno moja. Baada ya hapo sitakusumbua.

Tafuta ya bei nafuu. Usijinyime chakula.

Mama yako


Moscow
18 Novemba 2007

Mama yangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Kifua kinakwenda na kurudi. Baridi imeshaingia, lipu haikauki ukutani, na msimamizi anatugombeza kana kwamba sisi ndio tuliileta baridi. Naomba mguu usiulazimishe kwenda kisimani. Mavluda aende.

Sikukucheka. Jumapili nilikwenda soko la vifaa vya umeme pamoja na Odina, yule mwenzangu wa kitanda cha chini. Mama, deki zimepangwa pale kama matofali. Muuzaji mmoja, Mwazerbaijani, alitushughulikia.

"Hii ya Kijapani ni ya maisha," akasema. Akataja bei.

Odina akamwambia, "Kwa bei hiyo inapika na chai?"

"Haya, chukua hii nyembamba. Ya Kichina."

"Nyembamba kama wewe. Itaumwa keshokutwa."

"Kaka, umekuja kununua au kuposa?"

Odina akacheka, mimi nikapata nafasi ya kuuliza. Nikamwambia diski yetu ilirekodiwa na mpiga picha wa harusi huko nyumbani, si ya dukani. Akasema kweli, na nadhani hakunidanganya, kwamba deki za majina makubwa zina maringo, diski ya mtaani zinaitema. Hizi rahisi za Kichina zinakula chochote. Kwa hiyo bei nafuu kwetu si aibu, ndiyo inayofaa.

Sauti isitoke nje, nimelifikiria sana hilo. Zipo deki zenye tundu la mbele la kuchomeka hedifoni, zile za kuvaa masikioni. Unasikia wewe peke yako. Nataka hiyo. Lakini muuzaji ameuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: televisheni yetu ina nini nyuma? Kuna matundu matatu ya rangi, nyekundu, nyeupe na njano? Au kuna tundu la antena tu? Angalia uniandikie. Nisipojua hilo nitakutumia sanduku la kuwekea vikombe.

Barua hii anakuja nayo Hokim, mhudumu wa behewa kwenye treni ya Dushanbe. Mpe jibu akirudi.

Mwanao Nazrullo


Chorbogh
9 Desemba 2007

Mwanangu,

Nimepokea salamu zako, na Hokim nimemlisha supu. Amesema umekonda. Nimemwambia anyamaze, lakini nimesikia.

Niliondoa kitambaa mchana, mlango nimeufunga, Mavluda akaigeuza televisheni. Nyuma kuna vumbi, buibui aliyekufa, na tundu la antena. Hakuna rangi yoyote. Ni ile ile aliyoinunua marehemu baba yako enzi za Wasovieti, ulitegemea nini?

Tulikuwa bado tumeinama pale Bibi Oysha akaingia bila kubisha, kuazima ungo.

"Gulandom, mmeanza kutazama?"

"Tunafuta vumbi."

"Kwa nyuma?"

"Vumbi halichagui upande."

Akachukua ungo akaenda. Nadhani kufikia jioni njia nzima ilikuwa imeshajua kwamba mama Asliddin amefunua televisheni kabla ya mwaka.

Umeme tunapewa jioni kidogo, na siku nyingine hauji. Fanya haraka kama unaweza. Jana nilijaribu kukumbuka alivyokuwa akiniita kutoka uani, nikasikia sauti yako badala ya yake.

Mama yako


Moscow
13 Januari 2008

Mama,

Umelala salama? Umekula? Huku theluji inafika magotini na kazi ni ya ndani tu, ghorofa za juu, madirisha yamezibwa kwa nailoni. Nikiongea mvuke unatoka. Vidole vimepasuka lakini vinafanya kazi.

Deki nimeipata. Si ile nyembamba, hii ina uzito kidogo. Ina rimoti. Mbele ina matundu mawili ya duara. Nilimuuliza yule Mwazerbaijani mara mbili, "Hili ni la hedifoni?" Akasema, "La hedifoni, ndugu, moja lako na moja la mkeo." Hedifoni nimeziweka humo humo ndani ya boksi.

Kwa sababu televisheni yetu ina tundu la antena tu, nimenunua pia kijisanduku cheusi. Sikiliza vizuri, au Mavluda akusomee tena. Nyaya tatu za rangi zinatoka nyuma ya deki zinaingia kwenye kijisanduku, kila rangi kwenye rangi yake. Waya mmoja mnene unatoka kwenye kijisanduku unaingia kwenye tundu la antena. Halafu zungusha chaneli polepole mpaka chenga ziishe na picha itokee. Muuzaji amesema rangi huenda zisionekane, kwa sababu televisheni za Kisovieti zina mfumo wao. Nikamwambia hatutafuti rangi.

Tulijaribu deki dukani kwa diski ya muuzaji, ikacheza. Odina alitaka tubaki tumalize filamu.

Sijui nikwambie nini zaidi. Kitanda cha kaka amepewa mtu wa kwetu Khatlon, mpole. Ukimwona Asliddin, nisalimie.

Mwanao Nazrullo


Chorbogh
2 Machi 2008

Mwanangu Nazrullo,

Natumaini vidole vimefunga. Vipake mafuta, usivione vidogo. Mimi mzima, mguu ni ule ule. Majira haya ya baridi yametukalia kooni. Mabomba yamepasuka, na mzee wa kinu cha kusaga unga amefariki kwa baridi akiwa kitandani kwake. Deki ilifika salama wiki za nyuma, ila umeme haukuja kwa siku nyingi. Ilikaa juu ya blanketi tunaitazama.

Siku umeme ulipokuja tulifunga mlango. Mavluda aliunganisha kila rangi na rangi yake, akazungusha chaneli, chenga zikaisha. Nikavaa hedifoni na kuchomeka tundu la mbele kama ulivyoelekeza. Nikasikia tarumbeta za harusi kwa mbali, nikadhani ndivyo hedifoni zinavyosikika. Kumbe masikioni hakuna kitu. Ni televisheni iliyokuwa ikipiga tarumbeta na ngoma mpaka barabarani, nami nimeziba masikio, namtazama Mavluda anabonyeza rimoti huku analia. Tumekuja kujua baadaye kwamba tundu lile ni la kipaza sauti, la watu wanaopenda kuimba. Usimgombeze muuzaji. Pengine naye hakujua.

Kabla hatujapunguza, baba yako mdogo Sattor alikuwa mlangoni.

"Shemeji, una harusi?"

"Sina."

"Njia nzima inasikia. Udongo wa kaburi bado haujashikana na wewe unapiga tarumbeta. Umerukwa na akili?"

"Sijarukwa. Ingia. Kaa hapa unione ninavyocheza."

Aliingia kwa hasira akakaa. Mavluda alishanyamazisha sauti. Picha ilikuwa ya kijivu, watu wanacheza bila muziki. Halafu akatokea Asliddin. Sattor akavua kofia yake. Alipotoka aliufunga mlango taratibu kwa mkono, na nasikia huko nje aliwaambia watu waende makwao.

Sasa nikwambie nilichokiona, maana ulipiga lipu mpaka ukainunua deki hii.

Jioni zote za umeme nimekaa nimeegemeza sikio kwenye kitambaa cha spika ya televisheni, sauti imewekwa ndogo kama pumzi. Diski nimeimaliza yote. Nimewaona wajomba wote wanacheza. Nimeona sinia za pilau, nimeona kila mtu aliyempa mwimbaji zawadi. Mpiga picha alipenda sana sinia. Na Asliddin amekaa kando ya Mavluda, mkono kifuani, kichwa chini, kofia imemfunika macho. Saa nzima. Halafu saa nyingine. Uso ni kidevu tu.

Bwana harusi hainui kichwa, hacheki, hasemi. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nimeozesha vijana wa ukoo mzima, najua desturi hii kama ninavyojua kukanda unga, na bado nilikaa miezi yote hii nikisubiri kumsikia akiongea kwenye harusi yake. Neno pekee alilosema siku ile alimwambia mullah, ndani, alipoulizwa kama anakubali. Na wakati huo mpiga picha alikuwa nje anakula.

Karibu na mwisho shangazi zako walipocheza, Asliddin aliinua uso. Nilimwona. Macho yake, meno yake, alikuwa anataka kucheka, mdomo umefunguka, anageuka upande wa kamera aseme kitu. Nikabana sikio kwenye spika mpaka likauma. Nikasikia mwanamke anasema kwa ukali, "Inamisha kichwa, Asliddin. Watu wanatazama." Akainamisha.

Mwanamke yule ni mimi.

Nimefunga deki kwenye blanketi, na televisheni nimeirudishia kitambaa chake. Usinitumie mashine nyingine. Wewe ulilala naye chumba kimoja, ulikula naye sahani moja. Niandikie alivyokuwa akisema. Maneno yake, si yako. Usiyapambe. Usiniandikie kwamba alinitaja kama hakunitaja.

Mama yako


Moscow
6 Aprili 2008

Mama,

Nakubusu mikono. Nimechelewa kujibu. Sikuwa mgonjwa, wala Hokim hakupoteza barua. Kila nikikaa kuandika nilikuwa najikuta naandika maneno ya msibani. Nami nilikuwepo kwenye harusi ile, nilimshika bega akiwa ameinama, na sikukumbuka kwamba hakusema kitu. Sasa nimeomba Odina atoke nje, na ninaandika kama nilivyosikia.

Asubuhi alikuwa anapiga chuma cha kitanda na kijiko: "Amkeni, maiti nyie, basi linaondoka." Samahani, lakini umesema nisipambe.

Kwa Odina: "Ukikoroma tena leo nakupiga lipu mdomo."

Kwa msimamizi, kwa Kitajiki ili asielewe, huku anatabasamu: "Ndiyo, bwana mkubwa, Mungu akupe mkwe kama wewe."

Alikutaja, ila si kwa machozi. Chai ya hapa ilipokuwa nyepesi alisema, "Hii Mama angeoshea vyombo." Ukuta wangu wa kwanza alisimama mbele yake muda mrefu, akasema, "Mama angeuona huu, angedhani umepigwa lipu na kuku." Na akiwa na homa mwezi Mei alisema, "Mama asijue." Kwa hiyo hukujua.

Kuhusu Mavluda. Siku moja tunafua nguo akaniuliza, "Hivi Mavluda anapenda kula nini? Sikupata kumuuliza." Walikaa pamoja wiki chache tu. Mwambie au usimwambie, wewe utaona.

Akiniita alikuwa halisemi jina langu lote. Alisema "Nazru" akivuta mwisho, kama mtu anayemwita mbuzi. Ndivyo alivyokuwa akikuita wewe kutoka uani, Mama, "Maa", sauti inapanda mwishoni. Jaribu kuisema hivyo. Mimi nimejaribu hapa.

Siku ya mwisho, kwa sababu najua utauliza. Alikuwa juu ya jukwaa la ujenzi, mimi chini nachanganya lipu. Alisema, "Nazru, leta nzito kidogo, hii inaporomoka." Nikaleta. Akavuta ndoo kwa kamba. Akachungulia akauliza, "Mkate umebaki?" Nikamwambia tumeumaliza. Akasema, "Basi mimi nina njaa." Akageuka na ubao ukateleza. Hakupiga kelele. Hakuna neno jingine baada ya hilo. Ningependa kukuandikia jingine, ila halipo.

Alhamisi ukipasha mafuta, kama tunavyowafanyia marehemu wetu, ili harufu imfikie Asliddin, usiishie kwenye mafuta. Kaanga na mikate, Mama. Kaanga mingi.

Mwanao Nazrullo