Orodha Niliyokataa Kuisoma

Kaka Deo,

Sasa hivi Anita amemwaga konzi ya mchanga kwenye beseni la vyombo, anacheka maji yalivyochafuka. Sikumgombeza. Nilikukumbuka likizo ile ulipotoka kufundisha, ukidondosha vijiwe viwili kwenye beseni hilihili, viwimbi vikapishana vikachora mistari. Ukasema elektroni, ile chembe ndogo ya umeme, nayo ndivyo ilivyo ikipewa njia mbili: kabla haijapimwa, njia zote mbili zimo ndani yake, ukiipima unaikuta kwenye moja tu. Mimi wa darasa la saba nikakuuliza, “Kaka, hao wanafunzi wako wanakuvumilia kweli?”

Kumbe lilinikaa. Baba Anita alipovuka mpaka pale Rusumo na lori la mahindi, vita vikamkuta huko ng'ambo. Wakimbizi wakaanza kuvuka kuja kwetu kwa maelfu, nikakataa kwenda kambini kusoma majina ya waliovuka. Nisiposoma, nilijiambia, yupo na hayupo, na mimi bado ni mke. Mama alinisema, majirani wakanisema. Wewe nikakwambia ni fizikia yako.

Ulicheka mpaka ukakohoa, kisha ukasema, “Si jicho lako linaloamua, dada. Mtu si elektroni. Hewa inamgusa, jua linamgusa, mbu wanamng'ata, na kila kinachomgusa kinaondoka na habari yake. Hata elektroni ikiguswaguswa hivyo, mistari inafutika bila mtu kutazama.” Nikauliza, sasa kwa nini unaikuta njia hii na si ile? Ukasema hapo hata wataalamu bado wanabishana. Nilikupenda kwa kukubali kwamba hujui.

Halafu malaria ikakuchukua wewe, niliyekuwa nakutazama. Kutazama kwangu hakukuzuia kitu.

Tangu tukuzike Anita ameanza kutembea. Nami nimewaza sana. Kama baba yake yuko hai, jua la leo linamchoma mahali fulani, naye anajiuliza mbona hatumtafuti. Kama hayupo, ardhi ya huko inajua tayari. Nisiyejua ni mimi tu.

Leo naenda. Pumzika, kaka yangu. Nakuahidi nitasoma orodha yote, jina kwa jina, na nitakachokikuta Anita atakisikia kwangu, si kwa watu. Natumaini bado, usinicheke. Nikimkuta, neno la kwanza nitamwambia kwamba wewe, kaka, ndiye uliyenituma... Mama ananiita, lori la kambini limefika barabarani, ngoja nimfunge Anita mgongoni halafu tuondoke.