Gari Langu la Kifaransa Haliuzwi

Nyumba yenye geti la bluu,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, tarehe 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Naanza kwa kuitikia marahaba, maana najua ukiifungua tu barua hii utaniamkia, hata kama uko peke yako jikoni. U hali gani? Kifua kimepona? Mara ya mwisho tulipoongea ulikuwa unakohoa katikati ya kila neno, na mtu anayeshinda kwenye vumbi la unga katika kiwanda cha mikate hapaswi kukichukulia kikohozi kama mafua. Nenda ukapigwe picha ya kifua. Miaka thelathini na moja nimekaa maabara nikipima makohozi ya watu waliosema kitapita chenyewe. Wifi yangu hajambo? Na mapacha, meno ya mbele yameota?

Huku tu wazima. Magoti yangu yanagoma asubuhi, lakini nikishapata chai yanakubali yaishe. Kaka Mkubwa naye mzima, sauti yake hasa.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na safari hii nataka unisikilize hadi nukta ya mwisho. Gari haliuzwi. Nimekutangulizia hilo ili usisome kwa wasiwasi.

Najua Kaka amekusimulia mambo yote kwa mdomo wake. Alikwambia dada yako amechanganyikiwa baada ya kustaafu, amejaza uani chuma cha Wazungu kisichotembea, na majirani wanacheka. Kucheka wanacheka, simkatalii. Lakini mengine hakukwambia, na wewe hukuniuliza.

Unakumbuka nilivyokusumbua nikiwa nakutuma uende kulikagua. Ulilala chali kwenye baridi kwenye ghala la yule mwalimu mstaafu aliyekuwa akiliuza, ukanipigia picha chini ya milango na ndani ya boneti, ukanitumia hata mlio wa injini. Ukalipakia kwenye kontena wewe mwenyewe. Sijasahau, na shukrani yangu iko palepale. Karatasi zikaandikwa jina lako kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa huko, na wala hatukuliwazia mara mbili. Mtu na dada yake, tukasema.

Na kwa nini gari hilo na si jingine? Mwaka wangu wa kwanza kazini, daktari mkuu wetu alikuwa nalo la namna ile ile. Dirisha la maabara lilitazama maegesho. Kila asubuhi alizima injini, akashuka, na gari likaanza kujishusha polepole, nyuma kwanza kisha mbele, kama ngamia anayepiga magoti. Mimi na hadubini yangu tulisimamisha kazi kuliangalia. Nikasema siku moja. Halafu siku hiyo ikangoja, Kitinda. Ikamngoja Kaka amalize chuo, ikamngoja dada yetu wa pili aolewe, ikakungoja wewe upate nauli ya kwenda huko uliko. Sikuandikii kukusimanga. Nilifanya kwa moyo wangu na ningefanya tena. Lakini kiinua mgongo kilipotoka nilisema hiki ni changu, na kitu nikitakacho kina magurudumu manne.

Lilipofika bandarini lilikuwa limelala juu ya tumbo lake. Mtu wa forodha aliinama akachungulia, akaniuliza, "Mama, mbona halina miguu?" Nikamwambia ngoja. Nikaliwasha, likavuta pumzi, likajiinua mbele yake hadi akarudi nyuma hatua mbili. Aliwaita wenzake ofisini waje waone. Miezi miwili nililiendesha bila tatizo. Hayo Kaka alikusimulia?

Kisa kilianza nilipolipeleka kwa fundi wa barabara kuu kubadilisha plagi tu. Gari lile mafuta yake ni ya kijani, yanazunguka kwa presha kwenye mabomba na matufe ya chuma. Ndiyo yanayoliinua, na ndiyo yanayofunga breki. Nilimwachia chupa nzima na nikaandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Yeye akaona chombo kimepungua kidogo, akaongeza mafuta ya breki ya kawaida aliyokuwa nayo dukani. Wiki ya pili gari likaanza kuvuja kila mahali, wiki ya tatu likalala na halikuinuka tena.

Nilimrudia na chupa ya kioo. Nikamimina mafuta ya kijani nusu, nikamimina na yale ya kwake, nikatikisa mbele ya wateja wake, nikaweka mezani. Baada ya muda mfupi yakajitenga, haya juu, haya chini, na mstari katikati.

"Mama, mafuta ni mafuta," akasema.

"Hata damu ni damu," nikamjibu, "lakini ukimwekea mgonjwa isiyo yake unamzika."

Sikumshitaki. Nilichotaka ni ajue.

Hapo ndipo Kaka akaitisha kikao. Tulikaa sebuleni, mimi kwenye kiti cha kona kama mshitakiwa. Na nimtendee haki: hakusema kwa ubaya. Alisema breki zitaniua, na kwamba yeye ndiye atakayekwenda kunitambua. Lakini kisha akaongeza kwamba mwanamke wa umri wangu kulala chini ya gari, miguu ikichomoza nje, ni aibu kwa ukoo. Nikamuuliza aibu ipi. Aliniona nikilala chini ya meza za maabara nikisugua damu za watu na hakuona aibu. Kikao kikaisha kila mtu amenuna.

Sasa sikiliza jambo ambalo nadhani hulijui. Jumanne moja nilikwenda kliniki ya macho. Waliniwekea dawa ya kupanua mboni, nikarudi naona ukungu mtupu. Nikakuta geti liko wazi na kitu kikubwa chekundu kiko uani. Ilinibidi nisogee karibu ndipo nijue ni lori la winchi. Mnyororo ulikuwa tayari umefungwa kwenye bampa. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa anavaa glovu, na Kaka amesimama pembeni na simu mkononi.

"Kitinda amekubali," akaniambia. "Gari ni lake kwa karatasi. Soma mwenyewe."

Akaninyooshea simu. Sikuweza kusoma, herufi zilikuwa zinaogelea. Ikabidi yule mnunuzi wa vyuma, mtu nisiyemjua, anisomee ujumbe wa mdogo wangu: "Sawa Kaka. Liuzwe tu. Dada atazoea."

Dada atazoea. Kitinda, nimezoea mengi. Nilizoea harufu ya maabara, nilizoea zamu za watu wawili nikizifanya peke yangu, nilizoea kula mwisho. Hilo la Jumanne sijalizoea.

Sikupiga kelele. Nilipapasa kitasa cha mlango, nikaingia, nikafunga milango yote minne, nikakaa nyuma ya usukani. Gari limelala, mimi sioni, mnyororo uko shingoni mwake. Kaka akagonga kioo. Akabembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Akamtuma mkewe, shemeji yako, aje na chai. Sikufungua, ingawa chai niliitaka. Kile kiti chake, ambacho mafundi wanakicheka kwa unene, kilinibeba kama mto. Nilikaa humo saa tatu nzima, na nakwambia kweli, sikumbuki mara ya mwisho nilipokaa saa tatu bila mtu kunituma kitu.

Hatimaye nikasikia mnyororo unafunguliwa. Yule mnunuzi alikuwa anamwambia Kaka, "Mzee wangu, mimi nanunua vyuma. Watu sinunui." Akaondoka na lori lake.

Habari ikazunguka mtaa kabla dawa ya macho haijaniisha. Kesho yake asubuhi likagongwa geti. Mzee mmoja mfupi, kofia ya kazi, mikono kama koleo. Wenzake wanamwita Presha, maana maisha yake yote alitengeneza mabomba ya presha ya mitambo ya kuchimba barabara, kisha kampuni ikampumzisha. Akasema, "Nimesikia kuna mama amejifungia ndani ya gari la haidroliki. Nimekuja kuliona gari. Mama nimeshamwona."

Tulifanya kazi wiki tano. Yeye alijua presha, mimi nilijua usafi, na ule mfumo hautaki kingine. Tulimwaga mafuta yote, tukasafisha mabomba mara nne, na kila mara nilichukua tone nikaliweka kwenye kioo kuona kama kuna mabaki. Sili za mpira, zile pete za kuzuia mafuta yasivuje, zilikuwa zimevimba na kulegea kama uyoga. Mpya niliziagiza kwa chama kimoja cha wapenzi wa magari haya huko huko Ulaya. Walinitumia kifurushi kidogo cha mkononi, na karani wa posta alikifungua, akazimwaga zile pete nyeusi juu ya meza, akaniuliza ni za kuvaa vidole gani. Kila moja niliifungia kwenye kichupa cha sampuli na lebo yake. Presha alicheka hadi akakaa chini. Lakini siku ya kurudishia, hakuna pete iliyokosa mahali pake.

Mara mbili tulilikusanya, mara mbili likavuja. Mara ya pili ile niliingia bafuni nikafungulia maji ili mtu asinisikie nikilia. Nikatoka nikashika spana. Bomba moja lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na niliuona mimi, si Presha, kwa macho haya haya ya kliniki.

Lilipoinuka, liliinuka bila makeke. Nyuma kwanza, kisha mbele. Presha alivua kofia. Nilikanyaga breki, nikaachia, nikakanyaga tena, nikalizungusha mtaa mara saba nikifunga breki kila kona, watoto wakihesabu kwa sauti.

Kisha nikalipeleka ukaguzi wa serikali kwa hiari yangu, bila kuitwa na mtu. Mkaguzi, mama mmoja mkali ambaye hatabasamu, aliliweka juu ya rola za kupimia breki, akatazama namba, akazirudia. Halafu akaniambia breki za gari langu zinashika kuliko za pikapu ya ofisi yao. Akagonga muhuri.

Nikakipeleka cheti kwa Kaka na kukiweka mezani mbele ya chakula chake. Akasoma, akasoma tena. Naona hakutarajia. Akakinyoosha kidole juu ya mstari wa jina la mmiliki na kusema, kwa upole kabisa, "Limepita, sikatai. Lakini bado si lako. Na mwenyewe ameshasema."

Ana haki, Kitinda. Muhuri umegongwa juu ya jina lako. Jasho ni langu, magoti ni yangu, karatasi ni yako. Basi ndani ya bahasha hii nimekuwekea fomu ya kuhamisha umiliki. Inataka sahihi ya wino, ndiyo maana haikuweza kupita kwenye simu. Nimeweka alama ya kalamu ya risasi mahali pa kusaini, ni patatu. Usimpigie Kaka kumuuliza. Usinipigie mimi kunishauri. Usiniambie umri, wala majirani, wala magari ya kisasa yanayojiendesha. Kalamu, sahihi, stempu, posta.

Na usidhani nakuomba. Kuomba niliomba siku ile nilipokuwa ndani ya gari, kwa Mungu, nikiwa sioni. Wewe nakuagiza, kama nilivyokuagiza zamani kuvaa viatu. Ukikataa, nitaliendesha hivyo hivyo kwa jina lako, na kila faini ya maegesho itakufuata huko huko kiwandani kwenye mikate. Na mnyororo ukirudi, nitaingia tena ndani, na safari hiyo nitabeba chai yangu.

Nilikasirika nawe, sikufichi. Sikuipata sauti ya kukupigia kwa wiki nyingi. Lakini nilipokuwa chini ya gari niliona mahali ulipofunga kamba ya rangi kwenye bomba la nyuma, ulipokuwa unalikagua, ili nijue pa kuangalia kutu. Ulipiga mafundo mawili. Mtu anayemfungia dada yake mafundo mawili kwenye baridi ile hakumkusudia mabaya. Umekosea, basi. Saini, tuishie hapo.

Nisalimie sana wifi yangu, umwambie ile sweta imenitosha. Wabusu mapacha, kila mmoja shavu lake, wasigombane. Shemeji wa hapa anawasalimu, dada yetu wa pili pia, na Presha, ambaye hamjaonana, anasema ukiona tufe la chuma lolote la namna ile sokoni usiliache. Kaka hajanituma salamu, lakini jana aliuliza kama kifua chako kimepona, kwa hiyo zichukue.

Mungu akulinde njiani kwenda kazini na kurudi, akuondolee kikohozi, na aushike mkono wako usitetemeke kwenye ile mistari mitatu. Ukija likizo nitakuja uwanja wa ndege kukupokea mwenyewe. Utakaa kiti cha nyuma mpaka nikusamehe kabisa.

Ni mimi dada yako nikupendaye bila kupunguza,
mwenye gari.